Mifuko ya Ukutani

Mwalimu wa malezi alilishona lile turubai kwa mkono wake: la buluu, limejaa mifuko midogo, mmoja kwa kila mwanafunzi wa darasa lake, akalitundika ukutani nyuma ya meza yake ofisini. Asubuhi kila mmoja anatumbukiza simu yake, jioni kengele ikilia anaichukua. Wanafunzi wakambatiza Mama Mifuko, naye akalipokea jina kama aliyepandishwa cheo. Wazazi walikubali kwa masharti: simu isizimwe, ili mzazi akipiga mwalimu apokee, na isilale shuleni. Mwanzoni watoto walinuna kama wametolewa figo. Baadaye wakaanza tena kucheza wakati wa mapumziko, hata kutukanana ana kwa ana, jambo ambalo Mama Mifuko aliliona ni maendeleo makubwa.

Asubuhi hiyo foleni ilikwama kwa Twiga, binti aliyewapita urefu wavulana wote darasani. Alikuwa ameikumbatia simu kifuani.

"Mwalimu, leo tu naomba nikae nayo. Kuna mtu akiniandikia nikakaa kimya, atakasirika."

"Atakasirika," Mama Mifuko akarudia, akawageukia walio nyuma. "Jamani, mwenzenu kaolewa na hata pilau ya harusi hatukuonja."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Twiga naye akacheka, kicheko cha meno tu, akaitumbukiza simu na kwenda zake.

Simu ile haikutulia. Mama Mifuko alisahihisha mitihani huku mfuko wa Twiga ukinguruma mgongoni pake. Wakati wa mapumziko binti akachungulia mlangoni.

"Imelia, mwalimu?"

"Ina homa hiyo. Nenda kacheze, itapona yenyewe."

Alijiona amemtendea wema. Mtoto akitenganishwa na simu kutwa moja, aliwaza, kesho ataileta mwenyewe bila kuvutwa.

Mchana mfuko wa Twiga ukanyamaza. Punde mifuko yote ikatetemeka kwa mpigo mmoja, turubai zima likasisimka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Mama Mifuko akageuka. Hakuwa na tabia ya kuchungulia simu za watoto, lakini moja ilikuwa imechomoza kichwa, kioo kimewaka. Ilikuwa kwenye kundi la darasa. Ujumbe wa sauti, na chini yake maandishi: *Twiga kawaambia mama yake yuko ng'ambo. Msikieni anavyolia. Mama yuko jela.*

Akamwita Twiga. Hakuwa na haja ya kumweleza mengi. Binti alilitazama turubai, akaketi sakafuni.

"Nani kafanya hivi?"

"Shoga yangu, yule aliyehama shule. Nilimtumia hiyo sauti siku mama alipohukumiwa, sikuwa na mwingine wa kumwambia. Jana tukagombana. Akasema leo nikimnyamazia hata kidogo, anaisambaza."

"Mbona hukuniambia asubuhi, mwanangu?"

"Ningesema saa ngapi, mwalimu? Mlikuwa mnacheka."

Mama Mifuko akafunga mlango kwa ufunguo. Simu zitalala humo humo, na wazazi waje wamle mzimamzima. Kengele ikalia, watoto wakajaa kwenye korido, wakagonga kwa vidole, kisha kwa ngumi. Mkuu wa shule akafika. Mama Mifuko akafungua upenyo, akamnong'oneza yaliyotokea.

Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Zizuie leo, mama," akasema. "Kesho je? Hiyo sauti haitaozea humo."

Twiga akasimama. "Niacheni nianze mimi."

Akatoka nje, kichwa juu ya vichwa vyote.

"Mama yangu yuko jela," akasema. "Aliiba dawa hospitali alikokuwa anafanya kazi, akaziuza. Hiyo habari ya ng'ambo nilidanganya. Kwenye simu zenu kuna sauti yangu, nalia. Naomba msiifungue."

Msichana mmoja akasogea, akamshika mkono. Mama Mifuko akaanza kugawa simu, akimtazama kila mtoto usoni, na kila mtoto akainamisha macho na kusema asante mwalimu. Walivyokuwa wapole hivyo, akaamini.

Sauti ya kwanza ilitokea ngazini. Kwikwi, kisha maneno: wamemchukua, wamemchukua na viatu vyake vya kazini. Ya pili ikaanza kabla ile ya kwanza haijaisha. Ya tatu uani. Twiga akawa analia kila pembe ya shule, na Twiga mwenyewe amesimama pale mlangoni, macho makavu. Msichana aliyemshika mkono akauachia ili akachukue simu yake.

"Twende nikupeleke nyumbani," akasema Mama Mifuko.

Twiga alikuwa ameshachomoa simu yake kwenye turubai. Aliandika kwa vidole gumba vyote viwili, mbio mbio, bila kuinua uso.

"Ngoja kwanza nimwombe radhi, mwalimu," akasema. "Anayo sauti nyingine, ya mambo ya baba."