Kilichobaki Darini

"Hodi!" aliita mtu mlangoni, na hakuna aliyemjibu, ingawa ndani tulikuwa watatu.

Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya boriti, vumbi limenijaa puani. Kaka Tokuda, muuza tofu ya soya mwenye kitambi cha kuheshimika, alikuwa amejibanza nyuma ya pazia la mianzi lililomfunika nusu. Mwalimu wetu, Mzee Nishioka, alikuwa ndani ya pipa la kuchachushia figili, kifuniko juu. Lilikuwa zoezi letu la kujificha la kila Jumapili, na sheria yake haina mjadala: hakuna anayetoka mpaka Mwalimu apige makofi. Tatizo ni kwamba Mwalimu alikuwa amepitiwa na usingizi.

"Hodi humu! Natoka ofisi ya utamaduni ya mji!"

Nusura nianguke. Tulikuwa tukimsubiri mtu wa ofisi hiyo tangu majani yaanze kupukutika, lakini tuliambiwa atakuja theluji ikiyeyuka. Jengo letu lilikuwa bovu, paa limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Mji ukiitambua shule yetu kuwa urithi ulio hai, paa litatengenezwa. Usipoitambua, jengo litabomolewa kabla ya mvua za Juni lisije likaua mtu. Nilisoma historia chuoni Kyoto, nikakataa kazi ya mjini, nikarudi huku milimani Iga kwa ajili ya shule hii ya maninja, wapelelezi wa kale waliojificha gizani. Mama yangu hajanisamehe mpaka leo. Na sasa mtu wa kuthibitisha kwamba tuko hai amefika, nasi tumejificha.

Akavua viatu, akavipanga vizuri vikielekea mlango, akaingia. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, miwani yake imeingia ukungu kwa baridi. Akachungulia huku na huku.

Tumbo la Kaka Tokuda likanguruma.

"Nani hapo?"

Shule yetu inafundisha kwamba aliyejificha akitoa sauti bila kukusudia aifunike kwa sauti ya mnyama. Kaka Tokuda anaweza mnyama mmoja tu. Akalia kama chura.

Nje theluji ilikuwa inafika magotini. Mgeni akalitazama pazia, akalitazama dirisha, kisha akatikisa kichwa, akaketi karibu na jiko la mafuta ya taa. Akatoa tonge lake la wali lililofungwa kwa mwani, akala. Akajimiminia chai kutoka kwenye chupa. Nilikuwa nikimwomba Mwalimu moyoni: amka, amka, piga makofi.

Halafu, akiamini yuko peke yake, mgeni akafanya jambo.

Silisemi. Halikuwa jambo baya. Hakuiba, wala hakuvua nguo. Lilikuwa jambo dogo ambalo mtu mzima mwenye kazi ya ofisini hulifanya pale tu anapojua hakuna macho, na alilifanya kwa moyo wake wote mpaka chai ikapoa. Mwanzoni nililia. Baadaye nikaanza kucheka bila sauti, boriti ikatikisika, vumbi likamshukia begani. Akalipangusa, akaendelea.

Hapo pipa likakoroma.

Mgeni akaruka. Akasogea kwa kunyata, akainua kifuniko, akakutana uso kwa uso na mzee mwenye kipande cha figili kwenye nyusi. Akapiga yowe. Mwalimu akafumbua macho, akaona jinsi mambo yalivyo, akapiga makofi kwa utulivu mkubwa.

"Karibu," alisema. "Umetukuta mazoezini."

Mimi nikateleza kwenye nguzo mpaka chini. Kaka Tokuda akatoka na pazia lake, maana lilikuwa limemng'ang'ania kwenye kifungo.

Mgeni akatutazama mmoja mmoja, rangi ikimtoka. "Mlikuwapo? Muda wote?"

"Tangu hodi ya kwanza!" alisema Kaka Tokuda kwa furaha. "Bwana we, mambo yako makali! Hasa pale ulipo—"

"Tokuda," alisema Mwalimu.

"Naam, Mwalimu."

"Lia kama chura."

Kaka Tokuda akalia kama chura. Ndivyo Mwalimu anavyomfunga mdomo.

Mgeni, ambaye jina lake ni Hamajima, akaketi mkekani na kushika kichwa. "Wazee wangu, nawaomba. Ofisini wakisikia, nitahama mji. Mke wangu mwenyewe hajui."

"Mimi nililala," Mwalimu alisema. "Hawa ndio walioona. Lakini ngoja nikuambie habari ya mwanzilishi wetu. Zama za vita alitumwa akajifiche kwenye dari la ngome ya adui, asikilize mipango. Siku nzima yule bwana mkubwa hakupanga vita. Alikuwa anafanya mazoezi ya kumwomba radhi mkewe, peke yake, mbele ya mto wa kulalia."

"Akapiga na magoti," aliongeza Kaka Tokuda.

"Akapiga na magoti. Mwanzilishi wetu akarudi akasema hakusikia kitu. Wakamfukuza kazi. Tangu hapo hakuna aliyetuajiri."

"Miaka mia nne hiyo, ndugu," Kaka Tokuda alisema. "Shule nyingine hazijulikani kwa sababu ni za siri. Sisi hatujulikani kwa sababu hatukuwahi kusema chochote cha maana."

Kwa mwandiko wetu, neno la kazi hii huandikwa kwa alama moja: makali ya upanga juu ya moyo. Alama hiyo husomeka kujificha, na pia husomeka kuvumilia. Mwalimu huongeza maana ya tatu ambayo haimo katika kamusi yoyote: kusitiri. Aliyejificha akaona udhaifu wa mtu, auache palepale darini.

"Dada," Bwana Hamajima aliniambia, "niahidi."

"Nakuahidi," nikasema. Ilikuwa rahisi. Bado sikujua ahadi hiyo ingenigharimu nini.

Kamati ilikaa mwezi wa Machi, mplamu ukichanua nje ya dirisha. Mwenyekiti alikuwa Mama Ikegaya, mwalimu mkuu mstaafu, muhuri wake mwekundu uko tayari mezani.

"Bwana Hamajima, ulikwenda. Uliona nini?"

"Sikuona kitu, Mama Mwenyekiti."

"Hukuona kitu?"

"Yaani, walijificha vizuri mno."

Mjumbe mmoja akacheka. "Hata wajukuu zangu hujificha vizuri ikifika zamu ya kuosha vyombo."

"Ulijuaje kwamba wamo ndani?" Mama Ikegaya aliuliza. "Huenda waliingia kwa mlango wa nyuma wakitoka dukani."

"Kulikuwa na chura," Bwana Hamajima alisema kwa unyonge.

"Kwenye theluji?"

"Ndiyo, Mama."

Kicheko kikajaa chumbani. Mama Ikegaya akangoja mpaka kikaisha, akanigeukia mimi. Alikuwa na sura ya huruma, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Binti Chinami, mimi naipenda shule yenu. Sitaki kuiona ikibomolewa. Nisaidie nikusaidie. Mlikuwa na mtu huyu chumba kimoja, naye hajui. Basi niambie alikuwa akifanya nini. Yeye akikiri kwamba ni kweli, sanaa yenu iko hai, nami napiga muhuri sasa hivi."

Bwana Hamajima alivua miwani. Hakutikisa kichwa, hakunikonyeza. Aliyatazama magoti yake tu, masikio yamewiva mekundu kama plamu za chumvi.

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Niliiona boriti yangu, nikaliona paa limenyooka, vigae vipya, wanafunzi wapya wakipanga viatu mlangoni. Nikamtazama Mwalimu ili anipe ruhusa. Alikuwa anaangalia maua nje, kana kwamba uamuzi haumhusu hata kidogo.

"Nililala juu ya boriti, Mama," nikasema.

"Ulilala? Juu ya boriti?"

"Fofofo."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akanong'ona kitu kuhusu vijana wa siku hizi.

"Na wewe, Bwana Tokuda?"

Kaka Tokuda tangu Jumapili ile alikuwa akitokota kama birika kwa hamu ya kusimulia. Alifungua mdomo. Akaufunga.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakoroma, Mama," alisema.

"Mzee Nishioka?"

Mwalimu akasimama taratibu, akainama kwa heshima.

"Nililala," alisema, na kati yetu sote ni yeye tu aliyekuwa akisema kweli.

Mama Ikegaya akauchukua muhuri wake, akaurudisha ndani ya kijaluba bila kuupiga, akafunga kifuniko.