Nne ya Nini?

Programu mpya ya malango ya bwawa ilibandikwa jina la Mama Mkwe kabla haijamaliza wiki, kwa sababu haikupokea neno bila kuuliza swali. Fundi wa kompyuta aliyeiandika alikuwa akicheka pamoja na wenzake. Leo hakuwa na kicheko. Mvua ilikuwa imenyesha milimani mfululizo, bwawa limejaa, na ndani ya handaki la lango la nne, lililofungwa kwa makusudi, kaka yake na wenzake walikuwa wamepiga magoti wakikwangua tope.

"Kina kinapanda," alisema Mkuu wa zamu, macho kwenye mita ya ukutani. "Tufungue lango la pili sasa hivi, la sivyo maji yanapita juu ya ukuta."

Siku zote Mkuu alisema, karani wa mitambo akaandika. Leo karani alikuwa mgonjwa, na Mkuu hakuwa mtu wa kuomba msaada. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, lakini nani angethubutu kumwambia? Akavuta kiti, akaandika amri: fungua 4 2. Akabonyeza.

Mama Mkwe akajibu kwenye kioo: "Nne ya nini? Mbili ya nini? Sijafungua."

Mkuu akapiga meza. "Mashine inanihoji mimi! Alama nne, lango la pili! Hata mtoto anaelewa!"

"Iambie tu ipi ni lango na ipi ni kiasi, Mkuu," alisema fundi.

Lugha aliyoitumia fundi kuiandika programu haikuruhusu mchanganyo. Ndani yake namba ya lango ilikuwa aina moja na kiasi cha kufungua aina nyingine. Kuweka moja mahali pa nyingine ni kama kuvaa kiatu kichwani. Namba iliyokuja bila lebo yake ilirudishwa mlangoni, kabla haijagusa mtambo wowote.

"Maji yamenifika shingoni, wewe unanifundisha kuandika?" Mkuu akafungua programu ya zamani. Ilikuwa bado imo humo. Fundi mwenyewe aliiacha, eti Mkuu asinune, na sasa alijuta. Ya zamani haikuuliza kitu. Namba ya kwanza iliichukua kuwa lango, ya pili kuwa kiasi, basi.

Mkuu akaandika tena: fungua 4 2. Kidole kikakielekea kitufe.

Fundi hakujua ujasiri ulitoka wapi. Aliushika mkono wa Mkuu, akaung'ang'ania.

"Wewe! Una wazimu?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mkuu. Nisomee ulichoandika."

"Nne, mbili! Miaka yote nasema hivyo hivyo. Alama nne, lango la pili."

"Unasema wewe. Karani anakusikiliza, halafu anazigeuza kabla ya kuandika. Hii inasoma lango kwanza." "Umeiambia ifungue la nne."

Mkuu akakitazama kioo. Redio mezani ikakoroma kwa sauti ya kaka wa fundi.

"Dada, upo? Tumebakiza kona moja huku. Tuendelee?"

Mkuu alikirudisha kidole chake taratibu, akakikunja ndani ya ngumi. Juu ukutani mita iliendelea kupanda.

Akarudi kwa Mama Mkwe. Safari hii aliandika polepole, akisoma kila neno kwa sauti kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni: fungua --lango 2 --kiasi 4.

"Lango la pili, alama nne. Nafungua," akajibu Mama Mkwe.

Sakafu ikatetemeka. Mita ikasita, ikasimama, ikaanza kushuka.

"Dada? Mbona kimya? Tunasikia mngurumo."

Fundi alitaka kujibu. Machozi yalikuwa yamemtangulia. Mkuu akaichukua redio.

"Ni lango la pili, mwanangu," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kupiga meza. "La pili. Kwenu hakuji kitu."

"Sawa, Mkuu. Tunamalizia."

Akaiweka redio chini. Kwa kidole kile kile akaionyesha programu ya zamani, amri yake ikiwa bado inangoja kwenye kioo.

"Ifute," akamwambia fundi. "Ifute sasa hivi, kabla hofu haijanitoka."