Mama Mkwe na Tairodi Iliyogoma

Jumamosi asubuhi mwalimu wa hesabu alivua gurudumu la mbele la gari lake, akiwa na hakika kwamba kabla ya saa sita atakuwa ameshanawa mikono. Wiki nzima usukani ulikuwa ukicheza, na kila alipopita kwenye shimo, upande wa kushoto uligonga. Kilichokufa ni tairodi, kile kiungo kinachopokea amri ya usukani na kuligeuza gurudumu. Mpya alishainunua. Ilibaki kuitoa ya zamani tu.

Hiyo "tu" ndiyo iliyomponza. Nati ilifunguka bila matata, lakini shina la tairodi lilikuwa limekwama kwenye tundu lake kama gego. Alilipiga nyundo kutoka juu, halikusogea. Akalimwagia mafuta, akangoja, akapiga tena mpaka ncha ikaanza kupondeka, na vidole viwili vikachubuka. Jirani yake, dereva wa lori, alichungulia juu ya ukuta akashauri kitu kichomwe moto kwanza. Mwalimu akaitazama mipira iliyozunguka pale, akalitazama na bomba la breki, akamshukuru jirani na kuacha ushauri wake pale pale ukutani.

Kilichomnyima raha ni kwamba Jumatatu alfajiri alitakiwa kumpeleka mama mkwe wake hospitali, mwendo wa saa mbili, akatolewe mtoto wa jicho. Nafasi hiyo waliingojea miezi saba. Yeye mwenyewe ndiye aliyeapa mbele ya mkewe kwamba mama hatapanda gari la mtu.

Mama mkwe alikuwa ameketi kibarazani. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunga kabisa, la kushoto likiambulia vivuli. Miezi minne aliyokaa nao, yeye na mkwewe walisalimiana kwa adabu zote, wakaulizana hali, kisha kila mmoja akashika lake. Ndiyo maana mwalimu alishtuka aliposikia sauti yake.

"Baba, unapopiga sipo."

Mwalimu alidhani hakusikia vizuri. Akamuuliza kwa upole amejuaje.

"Nasikia. Hapo unapopiga panalia kama chungu chenye ufa. Nguvu zako zinapotea njiani."

Mkewe, aliyekuwa akianika nguo, alicheka. Akamkumbusha kwamba mama aliendesha mashine ya kusaga nafaka miaka ishirini na miwili baada ya kufiwa na mume. Mwalimu alilijua hilo, ila siku zote alimwona akilini mwake ameketi kitini, akisimamia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mashine ilipokorofisha hakuitwa fundi. Fundi alikuwa mama.

Bibi yule alishuka kibarazani akipapasa ukuta. Kabla ya kugusa chochote aliuliza kama chini ya gari kuna magogo au limeachiwa jeki peke yake. Alipohakikishiwa kuwa magogo yapo, akakunja kanga, akaketi kwenye kigoda, akatuma vidole vyake kazini. Vilipita kwenye shina, vikaizunguka ile pete nene ya chuma iliyolimeza, vikarudi, vikatulia.

"Shina lina umbo la kabari," alisema. "Puli ya mashine yangu, lile gurudumu la mkanda, ilikaa hivi hivi. Chuma kilichobanwa ukikisukuma kinazidi kiburi. Mshtue anayekibana, atakiachia mwenyewe."

Akamwamuru arudishe nati mizunguko mitatu, ili kiungo kikitoka kisiruke, kisha alete nyundo mbili. Ile kubwa mwalimu aishike nyuma ya pete, aikandamize hapo. Ndogo aliichukua yeye. Mwalimu aliviangalia vidole vyake mwenyewe, akaliangalia lile jicho lenye ukungu, akavirudisha nyuma kidogo kwenye mpini. Mama mkwe akalisikia hata hilo.

"Usiogope, baba. Vidole hivyo ndivyo vitakavyonipeleka hospitali. Navihitaji kuliko wewe."

Aligusisha nyundo kwenye pete mara mbili, taratibu, kama anayebisha hodi. Kisha akainua mkono na kupiga. Halikuwa pigo la nguvu za ajabu, ila lilitua lilipotumwa, na mwalimu alilisikia likipita kwenye nyundo yake mpaka kwenye bega. La pili likatua papo hapo. La tatu likatoa mlio mwingine, mfupi na mkavu, na shina likadondoka, likabaki linaning'inia kwenye nati.

Mwalimu alikaa chini kwenye vumbi. Saa tatu za jasho lake zilikuwa zimemalizwa kwa mapigo matatu na mtu asiyemwona hata sura. Hakuona aibu, na hilo lilimshangaza. Alichotaka ni kuyaona tena mapigo yale.

Alianza kuizungusha tairodi aitoe kwenye fimbo ya usukani, na mama mkwe akauliza kama anahesabu mizunguko. Mpya ikiingia pungufu au zaidi, magurudumu yataangalia pembeni. Mwalimu wa hesabu alikuwa hahesabu. Mkewe akalazimika kuficha uso kwenye shuka lenye maji. Mwalimu aliirudisha, akaanza upya, akapata kumi na tisa.

Jumatatu gari lilikwenda limenyooka. Jumanne daktari alifungua bandeji, mama mkwe akapepesa, akautazama mlango, akautazama mkono wake mwenyewe, halafu akamgeukia mkwewe na kumkagua kwa muda mrefu.

"Kumbe una mvi," alisema.

Mwalimu akakiri kwamba anazo, akamshika mkono kumsaidia kushuka kitandani. Njia nzima ya kurudi hakuacha kumuuliza habari za ile mashine: ilikuwa na mikanda mingapi, puli ilikwama mara ngapi, na siku ya kwanza, kabla hajajua lolote, alianzia wapi. Mama mkwe alijibu yote, bila haraka, akiangalia miti inavyopita.