Mstari Chini ya Plastiki

Baba aliniita Kiherehere tangu nikiwa natambaa, na sijawahi kumpa sababu ya kulibadilisha jina hilo. Kazi yangu ni kubandika plastiki angavu kwenye vioo vya simu: dakika tatu, lete nyingine. Yeye amepaka rangi baiskeli miaka arobaini. Kwake dakika tatu ni muda wa kufungua kopo.

Mwaka huu mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kikombe kiligonga kisahani mpaka mama akaacha kumwekea kisahani. Ndipo baba akatangaza kwamba atapaka baiskeli moja ya mwisho, ya mama, ile anayoendea kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kisha afunge karakana. Akaipaka kijani kilichokolea. Kwenye bomba la juu la fremu akavuta mstari mwembamba wa rangi ya maziwa, kwa brashi, bila rula. Nilikuwa mlangoni, pumzi nimeibana. Mstari ulinyooka kutoka usukani hadi karibu na kiti, na hapo ukacheza kidogo, kama mtu aliyejikwaa akawahi kujishika.

Nikasema nitaifunika yote kwa plastiki nene, ile wanayobandika kwenye magari, isiguswe na mkwaruzo. Baba akakubali, ila kwa sharti: mama aanze kuiendesha baada ya wiki, plastiki isubiri mwezi. Rangi hutangulia kukauka juu, alisema, ndani bado mbichi.

Mwezi ni mrefu kwa mtu mwenye roho juu. Kila jioni niliipokea baiskeli mlangoni na kuikagua kwa tochi ya simu. Waya wa breki ulikuwa unasugua shingo ya fremu. Mama alitundika mkoba kwenye usukani, na kifungo chake cha chuma kikawa kinagonga bomba la juu kila alipokata kona. Nilimwomba aubebe begani. Akaniuliza kama baiskeli ni yake au ni yangu. Siku ya kumi na moja nikaona mkwaruzo, vidole viwili tu kutoka kwenye mstari. Usingizi ukanipaa.

Kesho yake mama alikuwa mapumzikoni na ametoka kwa miguu, baba ameenda kliniki kuonyesha mkono. Haraka haraka haina baraka, najua, nimeimbiwa tangu utotoni. Nikaifuta fremu kwa spiriti, nikanyunyiza maji ya sabuni, nikalaza plastiki, nikasukuma maji kwa kipande cha raba. Ikalala vizuri, isipokuwa kiputo kimoja cha hewa, Bwana Povu tunavyomwita kazini, mdogo kuliko punje ya mchele, palepale mstari ulipojikwaa. Mtu mwingine angemwacha. Nikainua ncha nimtoe.

Plastiki ikaja na rangi. Urefu wa kidole: kijani, na juu yake mstari wa baba, mzima, umeganda kwenye gundi. Chini chuma kikaniangalia kitupu.

Niliketi sakafuni, nikainuka, nikaketi tena. Nilifikiria kumwambia ni mkoba wa mama. Niliona aibu kwa kulifikiria tu. Baba alipoingia nikampa ile ncha ya plastiki, nimeshaikata, kabla hajavua kofia, nikamwambia nimeubandua mstari wako, na wewe huwezi kuuvuta tena.

Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ikatetemeka mkononi mwake, akaishika kwa mikono miwili.

"Hata ungengoja mwezi ingetoka," akasema. "Rangi ya chini niliipa siku moja tu ya kukauka. Inataka nne."

Nikamuuliza kwa nini, yeye wa kunihubiria subira.

"Siku ile mkono uliamka umetulia. Sikujua kama kesho utaamka hivyo."

Nilitaka kumuuliza daktari amesema nini. Nikaangalia kofia ambayo bado hajaivua, nikaacha.

"Irudishe ilipokuwa," akasema. "Ibaki humo humo kwenye plastiki. Mimi siwezi, wewe una mkono."

Kazi ya dakika tatu ilinichukua mpaka jioni. Niliisogeza plastiki unywele kwa unywele mpaka mstari ukakutana na mstari. Bwana Povu nilimwacha.

Mama alirudi, akaizunguka baiskeli, akaweka kidole palepale. "Hapa nani kakosea?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema baba, wakati uleule.

Mama akatuangalia mmoja mmoja, akatundika mkoba wake kwenye usukani. Kifungo kikagonga bomba. Nikaruka kuuondoa, baba akanishika kifundo cha mkono, kwa mkono wake ule wa kulia. Nilihisi mtetemo wake hadi kwenye kiwiko, na nikasimama pale, nikamwachia mkono wangu aushike.