Jina la Mama Nyuma ya Santuri

Kitu cha kwanza nilichokiona ni penseli. Yule bwana aliyetumwa na kampuni ya santuri alikuwa akiandika kabla kaka yangu Denver hajafika mwisho wa sentensi. Denver alipotamka tu "babu yetu," penseli ikatangulia mbio, kana kwamba habari yenyewe bwana alikuja nayo kutoka mjini na alichotaka ni mtu wa kumwitikia.

Tulikuwa tumekaa barazani kwetu, kwenye bonde la Kentucky tulikozaliwa, wanabendi wote wanne: Denver na banjo, Estil na fidla, Coy na mandolini, na mimi, Verda, na lile besi linalonizidi kimo. Nyimbo za santuri yetu ya kwanza zilikuwa zimekwisha kurekodiwa. Yalibaki maneno ya nyuma ya jalada: nani alijifunza wapi, na kwa nani. Bwana alisema wanunuzi wa blugrasi, muziki wetu huu wa nyuzi wa milimani, wanapenda sana kujua hayo.

Estil alisema alifundishwa na baba yake, kinyozi wa kambi ya wachimba makaa ya mawe, aliyekuwa akipiga fidla huku wateja wakisubiri kunyolewa. Likaandikwa. Coy akasema yeye alifundishwa na Mwitaliano, mchimbaji mwenzake baba yake, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwao. Penseli ikasimama.

"Mwitaliano," bwana akasema. "Hakuna mzee wa huku huku milimani?"

"Wazee wapo," Coy akajibu, "ila mandolini alikuwa nayo Mwitaliano."

Estil akamwambia Coy aseme alifundishwa na mbuzi, mradi awe mbuzi wa milimani. Tukacheka. Bwana akaandika "mzee mmoja wa milimani," na Coy akaliacha lipite.

Halafu ndiyo hiyo ya babu: Denver akasema banjo alifundishwa na babu yetu. Babu yetu hakuwahi kushika banjo. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole viwili, vingine vilibaki kwenye msumeno wa kupasulia mbao.

Aliyetufundisha ni mama, Zelpha. Katika usichana wake alipiga banjo watu walipokusanyika kumenya mahindi, wakacheza mpaka vumbi likapanda. Alipojiunga na kanisa letu la Wabaptisti, ambako ala ya muziki haivuki mlango na mshirika haruhusiwi kuipiga hata nyumbani kwake, alisimama mbele ya wote akaahidi kuiacha. Hakuiacha. Mimi na Denver, ambao hatukuwa tumebatizwa kuwa washirika, alitufundishia kwenye banda la kukaushia nyama, na ndani ya banjo alishindilia vipande vya shuka kuukuu ili sauti isivuke kijito ikamfikia Dada Orpha, jirani na mshirika mwenzake. Ndiyo sababu Denver anapiga kwa nguvu vile. Kwenye banjo ile, ukigusa nyuzi taratibu husikii kitu. Bwana alilisifia mno pigo hilo, akasema hajalisikia kwingine, lazima ni la ukoo. Denver akasema ndiyo, la babu.

Juma moja kabla ya hapo, mama aliniita jikoni akichambua maharagwe. Alitaka nimtajie bwana jina lake. Nikamuuliza, na kanisa je?

"Waniondoe wakitaka," akasema. "Miaka ishirini na miwili nimejificha pamoja na nyama ya nguruwe. Kaka yako hatasema, namjua. Sema wewe, mwanangu. Zelpha Tackett. Maneno mawili tu."

Siku yenyewe mama hakuwepo. Denver alimpeleka kwa dada yake mama asubuhi. Ilipofika zamu yangu, bwana akaniuliza, "Na wewe, binti, nani alikufundisha?"

Denver alinitazama. Mimi nikatazama mbao za sakafu.

"Nilisikiliza tu," nikasema.

"Huyu ana haya," Denver akamwambia. "Hata kuku wakimkazia macho anaingia ndani."

Mama aliporudi aliniuliza kama nimesema. Nikamwambia nimesema.

Santuri ilifika mwezi wa tisa. Mama hakujua kusoma. Mimi niliacha shule darasa la nne, vumbi la makaa lilipomlaza baba kitandani, lakini polepole nasoma. Akafuta mikono, akakaa, akataka nimsomee jalada. Nikasoma ya Estil, nikasoma ya Coy, ya babu nikayaruka. Kisha nikasoma kisichokuwepo: kwamba Denver na Verda Tackett walifundishwa na mama yao, Zelpha, mpigaji hodari wa banjo. Akaniambia nimwonyeshe jina liko wapi. Nikakishika kidole chake nikakiweka chini kabisa, penye herufi kubwa.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe sikumjua mama yangu.

Jumamosi ya kikao cha washirika, mzee wa kanisa alipouliza kama kuna mwenye neno, mama alisimama na jalada kwapani. Alisema ni afadhali wasikie kwake kuliko wasomee dukani. Akaeleza banda, vitambaa na miaka yote ile. Mzee akamuuliza kama anatubu. Mama akasema ahadi aliyoivunja anaitubia, lakini banjo hawezi kuitubia. Wakainua mikono, mmoja mmoja, watu aliobatizwa nao mtoni, na jina lake likafutwa kwenye kitabu cha kanisa.

Nje, Dada Orpha, aliyeinua mkono huku analia, akaomba alione jalada. Mama akamwonyesha kwa kidole, mahali pale pale, bila kukosea hata kidogo. Orpha akavaa miwani.

"Zelpha," akasema taratibu, "hapa wameandika mji ilikotengenezwa santuri." Akalisoma jalada lote, nyuma na mbele. "Hupo, dada yangu. Hamna mahali ulipo."

Mama alinitazama kidogo, kisha akalichukua jalada lake.

"Ni macho ya Verda," akasema. "Shuleni tulimtoa mapema."

Njiani hakuniuliza. Nyumbani aliinjika maharagwe, akakata mkate wa mahindi, akaniwekea kipande cha pembeni ninachokipenda. Hakuniuliza kamwe mpaka akafa, miaka miwili baadaye. Kaburini hakuja mzee wa kanisa kutoa mstari wa wimbo ili wengine waufuate. Tuliimba wenyewe, vibaya. Denver alisema machache. Alisema mama alikuwa mtu wa kupenda sana kusikiliza muziki.

Watu wa bonde hili husema sikumtaja mama kwa sababu ya haya. Nimewaachia waseme hivyo, maana haya haimchafui mtu. Lakini asubuhi ile, kabla bwana hajafika, Denver aliniambia nikinyamaza ataniachia wimbo mmoja kwenye santuri ya pili, niimbe mimi mbele, wao nyuma yangu.

Nikakubali. Niliuimba, Mama, na niliufurahia.