Nyama Mpya Mnarani

Ufunguo wa kanisa ulikuwa mzito kama nyundo, na tangu asubuhi Regine Theil alikuwa akizunguka nao kijijini kama mtu anayetafuta pa kumwacha mtoto wa jirani. Basi la kwenda Ujerumani, nchi ya mababu ambako kijiji kizima kilikuwa kinahamia, lilikuwa linaondoka kesho. Yeye na mumewe Misch walikuwa na nafasi zao, na mama mkwe wake, Sara, alikuwa na yake. Binti yao Ute alikwishatangulia, na siku zake za kujifungua zilikuwa zimekaribia.

Lakini kanisa lenye kuta na minara haliachwi kama banda la kuku. Tangu enzi za kupigana na Waturuki ufunguo ulikaa nyumba moja moja kwa zamu, na aliyeuachia alimkabidhi jirani mkono kwa mkono. Sasa majirani nao walikuwa wanafunga mizigo.

"Mimi?" jirani yake Schuster alicheka, amekalia sanduku ili lifunge. "Dada Regine, mimi mwenyewe naondoka wiki ijayo. Mpe mchungaji."

"Mchungaji kaondoka zamani."

"Basi mpe Mturuki. Kausubiri karne ngapi, maskini!"

Regine hakucheka. Aligonga milango mingine. Mmoja ulikuwa umepigiliwa mbao, mwingine ulifunguliwa na mwanamke aliyeutazama ule ufunguo na kuanza kulia. Regine hakuwa na muda wa kulia. Alikumbuka kwamba nyama ya safarini bado imo katika ule mnara wa kanisa ambamo kila nyumba ilitundika nyama yake, akapanda kilimani.

Alipita chini ya lango, pale ambapo mababu walimwagia maadui maji ya moto. Akapita vyumba vilivyoshikamana na ukuta, kila ukoo na chake cha kukimbilia wakati wa vita. Vyote vilikuwa wazi, na upepo ulikuwa unagongesha milango yake. Mnara wa nyama ulikuwa baridi na wenye giza kama kawaida. Kulabu zilikuwa tupu safu kwa safu. Ni ya nyumba yao tu iliyokuwa na kitu.

Alikuwa ameacha hapo kipande cha kutosha mfuko mmoja. Alikuta ubavu mzima wa nguruwe, mnene, umetoka kwenye moshi juzi juzi, na mhuri wa namba ya nyumba yao umepigwa pembeni.

Aliubeba begani mpaka nyumbani, akaubwaga juu ya meza ya jikoni. Sara alikuwa akimenya viazi.

"Mama, hii nini?"

"Nyama. Macho yako yana nini?"

"Jumamosi uliniomba ufunguo ukasema unakwenda kusali."

"Nilisali pia."

Regine alikaa, akasimama tena. Hakuna mtu wa kijiji kile aliyehitaji kuelezwa. Anayetundika ubavu mzima mnarani, Jumapili baada ya Jumapili atapanda kukata kipande chake na kupiga mhuri upya pale alipokata, ili mwizi ajulikane. Haondoki kijijini mpaka uishe.

"Ngazi za mnara zitakuua, mama."

"Hazijaniua mpaka leo."

"Utamkosa kitukuu wako! Nani atakuchotea maji? Nani atakupasulia kuni?"

"Regine, mwanangu, nimewazika wangu wanne kule juu kanisani. Wewe una Ute, nenda kwa Ute. Mbona unanifokea kama nimekuibia?"

Nje Misch alikuwa anaita kuuliza kamba iko wapi. Regine alichukua kisu kikubwa, akaukata ule ubavu katikati kwa nguvu hata meza ikatikisika.

"Nusu yako, nusu yangu," alisema. "Yako ikiisha, Misch anakuja kukuchukua. Hapo sitaki mjadala."

Sara aliitazama nyama. Akafuta mikono, akatoa chuma cha mhuri kwenye droo, akakipaka masizi ya jiko na kukigandamiza pale palipokatwa: kwanza kwenye nusu yake, kisha kwenye ya Regine.

"Huko wajue ya nyumba gani," alisema. Akaipima nusu yake mikononi, akairudisha mezani. "Lakini mimi nakula polepole, mwanangu. Meno yenyewe haya mawili."

Regine alifungua kiganja kikavu cha Sara, akakiwekea ufunguo, akakifunga kwa mikono yake yote miwili.

"Kula haraka, mama."