Simba Kwenye Mafiga ya Mama

Kila asubuhi dobi wa hoteli ya hifadhini hukung'uta foronya kabla ya kuziloweka, kwa sababu wageni hulalia walichokiona mchana, na wanyama wakiingia kwenye mashine huziba bomba. Swala hutoka upesi. Kiboko mpaka foronya ipinduliwe na kuvutwa kwa nguvu. Wakishatoka huzurura uani, twiga wakiinama kwa adabu wasiguse shuka kambani, na jua likikaza hufifia.

Hifadhini kwenyewe dobi hajawahi kufika. Wafanyakazi huingilia lango la nyuma na huishia uani. Mama yake ndiye aliyezaliwa mle, kabla kijiji hakijahamishwa ili wageni waone wanyama bila kuona watu. Miaka yote ameomba akaone kwao, hata mara moja, na miaka yote ameambiwa akate tiketi kama mgeni. Siku hizi huja kumsaidia binti yake kukunja shuka, na kila foronya huikodolea macho.

Jumanne hiyo kulikuwa na mgeni aliyeona simba. Dobi alipokung'uta foronya yake, akatoka simba jike pamoja na mawe matatu meusi aliyoyalalia.

Mama akaweka shuka chini. "Mwanangu, hayo ni mafiga yetu."

"Una hakika, mama?"

"Hilo lenye ufa nililipasua mimi. Nilizabwa kofi mpaka leo nalisikia."

Akamwendea simba. "Sogea, bibi wee. Umekalia jiko la watu."

Simba akasogea. Mama akaketi kwenye jiwe lenye ufa, akacheka hadi machozi yakamtoka. Akamkaribisha binti yake jiwe la pili, na la tatu wakamwachia simba, maana naye kapatunza.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama akasema. Dobi akasuuzika moyo, akasahau hata kuwasha mashine.

Msimamizi akapita, akamzunguka simba, akauliza kama taulo zimekauka.

"Bado, bosi."

Jua likakaza. Simba akafifia, kisha mafiga.

Jioni, kwenye lango la nyuma, askari aliona majivu kwenye gauni la mama. Akamweleza kwa upole kwamba hairuhusiwi kutoka na kitu cha hifadhi. Mama akayakung'uta palepale, mpaka la mwisho.

"Yule mgeni anaondoka lini?" akamuuliza binti yake njiani.

"Ijumaa."

"Basi kesho nakuja na sufuria."